Kubadilisha trasti ya familia: tufanye wenyewe au tumpe wakili?

kitindamimba: Wakuu habari zenu. Mzee wetu ana trasti ya familia, yaani mali aliyowakabidhi wadhamini waisimamie kwa faida ya wanufaika, sasa mdhamini mmoja ameshafariki halafu kuna mjukuu mpya hayumo kwenye wanufaika, sasa kaka anasema tupakue fomu mtandaoni tujaze wenyewe yaishe, mimi naogopa. Ipi bora?

daftari_jekundu: Poleni kwa msiba. Kabla ya yote fungueni hati yenyewe mtafute kipengele cha mamlaka ya kurekebisha, ndo kinachoamua. Kinasema nani anaruhusiwa kubadili, kwa utaratibu gani, na kuna vingine vinakataza kabisa baadhi ya vitu visiguswe. Sisi mdhamini mpya tulimweka wenyewe, karatasi moja tu inataja jina la trasti, tarehe ya hati ya kwanza na kipengele kinachobadilika, baba akasaini mbele ya mashahidi ambao sio wanufaika. Ila msichorechore kwa kalamu juu ya hati ya asili jamani!!

binti_mkubwa: Mdhamini sawa, mnufaika hapana. Kwetu tulijaza fomu kumbe hailingani na masharti ya hati, tunakuja kujua mama keshafariki, nani atasaini upya? Ndugu wawili mpaka leo hawaongei. Halafu kuna nchi ukigusa wanufaika watu wa kodi wanaweza kuhesabu umeanzisha trasti mpya, mnadaiwa kodi ambayo hamkuitegemea.

kalamu_na_wino: Mdogo wangu, mzee alijiachia uwezo wa kuifuta hiyo trasti? Kama ndiyo, akiwa na akili timamu kuibadili sio kazi ngumu. Kama haifutiki basi fomu iacheni, mara nyingi inatakiwa ridhaa ya wanufaika wote au mahakama, hasa wakiwemo watoto wadogo. Mkitaka kupunguza gharama andikeni rasimu wenyewe mlipe wakili aipitie tu. Na mzee aongee naye peke yake, nyie mkae nje, asije mtu baadaye akasema mlimshinikiza.

kitindamimba: Asanteni sana. Nimeisoma jioni hii, inafutika, ila kipengele kinataka saini ya mzee NA wadhamini wote walio hai, ile fomu ya kaka ina nafasi ya saini moja tu. Tunaandika rasimu ya vyote viwili, mdhamini na mjukuu, wakili aipitie.

binti_mkubwa: Afadhali. Mkimaliza pelekeni nakala benki, kwetu walikuwa bado wanamtambua mdhamini wa zamani.