Kikapu: senta mrefu dhidi ya timu ya watupaji watano: abaki uwanjani au akae benchi?

Kocha_Nkuhungu:
Salaam wakuu. Senta wetu (mchezaji wa karibu na ringi) ana mita 2.01, ribaundi nyingi (mipira inayorudi mtupo ukikosa) ni zake, ila miguu mizito. Namba 1, mwongoza mpira wetu, ana mita 1.68, mwepesi na anaona pasi. Namba 2 na 3 wanatupa vizuri, namba 4 anapambana chini tu (karibu na ringi), nje hatupi. Nusu fainali tunakutana na timu isiyo na senta: wote kati ya mita 1.80 na 1.90, wote wanatupa pointi tatu. Nimtoe senta? Uwanja ni wa saruji, wa wazi, saa kumi jioni.

Mkabaji_Dom:
Kocha, usianzie kwenye urefu. Andika majina ya watano wao, na mbele ya kila jina nani wako atamkaba. Jina likikosa mtu, hapo ndipo watakapokushambulia.

Watakachofanya ni hiki: mtu anayekabwa na senta atapanda juu, mbali na ringi, kumwekea skrini mwenye mpira, yaani kumzuilia mkabaji wake kwa mwili. Senta akibaki chini, mwenye mpira anatupa kwa raha kutoka mita 6.75. Akipanda, anapitwa, na chini hakuna mtu. Kwa hiyo senta amkabe yule anayetupa vibaya kuliko wenzake, hata kama ndiye mfupi. Nenda kaangalie mechi yao, uone nani anasita akiachwa peke yake. Senta asimame mbali naye, mguu mmoja ndani ya eneo la sekunde tatu, lile la chini ya ringi ambalo hairuhusiwi kukaa zaidi ya muda huo. Kwa sheria za FIBA (shirikisho la kikapu la kimataifa) sekunde hizo zinamhusu mshambuliaji tu. Mkabaji anakaa humo atakavyo.

Fundi_wa_Kikapu:
Naongeza. Mimi tatizo naliona kwa namba 4, siyo kwa senta. Asiyetupa nje, mkabaji wake anamwacha na kwenda kumkaba senta wawili wawili. Mbadilishe na mtupaji wa tatu. Wanne nje, mmoja ndani. Wakimfuata senta wawili, kuna mtu wenu yuko wazi.

Mpira umfikie senta akiwa tayari karibu na ringi, siyo mita nne nje. Mlisheni mwanzoni mwa kila robo: wafupi watamchezea faulo, na kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo hiyo mnapata mitupo huru miwili. Ila kama mitupo yake huru ni mibovu, watamchezea faulo makusudi, na dakika za mwisho itabidi atoke.

Kocha_Nkuhungu:
Nimewaelewa. Na namba 1 wangu? Wakimpeleka chini atafanywaje?

Mkabaji_Dom:
Amkabe mwenye mpira tangu nyuma kabisa. Wana sekunde 8 kuvuka nusu. Wakizitumia zote, wanaanza shambulio wakiwa na sekunde 16 kati ya 24 za kutupa. Akibebwa chini, namba 3 achukue nafasi yake pasi ikiwa bado hewani, siyo ukishadakwa.

Kuhusu kumtoa senta, wengi huitaja fainali ya NBA (ligi ya Marekani) ya 2015: Golden State wakiwa nyuma 2–1, Andre Iguodala alianza badala ya senta Andrew Bogut, wakashinda mechi tatu mfululizo. Lakini walikuwa na Draymond Green, wa mita 1.98 hivi, anayeweza kukabana na masenta. Wewe una nani wa kufanya hivyo? Kama hayupo, utawapa ribaundi bure.

Upepo_wa_Kizota:
Mmesahau upepo. Kiangazi hiki, saa kumi, uwanja wa wazi hapa Dodoma si sawa na ukumbi. Kama unavuma kwa urefu wa uwanja, mtupo wa mbali unaoukabili unafika mfupi. Magoli yanabadilishwa baada ya nusu ya kwanza, kwa hiyo nusu wanayotupa dhidi ya upepo chezeni zoni ya 2-3 (kila mmoja analinda eneo, wawili mbele na watatu nyuma), senta akae katikati. Nusu nyingine mtu kwa mtu. Zoni hiyo udhaifu wake ni kona, namba 2 na 3 wafike huko mapema. Nanyi mkitupa, namba 1 na 2 warudi nyuma papo hapo, maana senta hatawahi mbio zao.