Datsun 240Z ya 1972 au Toyota Camry ya 2018 kwa safari ya Moshi hadi Arusha?

Mkazi wa Rau:
Wakuu, salaam. Marehemu baba mdogo ameniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari la michezo, ambalo imelala bandani hapa Moshi kwa miaka mingi ingawa injini yake bado inazunguka. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua Toyota Camry ya 2018 yenye injini ya lita 2.5, kwa kuwa kila siku naenda kazini Arusha, kilomita zipatazo 80, na nina mke na watoto wawili. Fedha zinatosha jambo moja tu: kulifufua hili au kununua lile. Vijana wa gereji wanasema gari la michezo haliwezi kushindwa na gari la familia. Je, ni kweli?

Fundi wa Kijenge:
Mkuu, vijana hao wamekosea. Datsun hiyo inatajwa kuwa na nguvu farasi 151 kutoka silinda sita za lita 2.4, na Camry ina zipatazo 203 kutoka silinda nne. Tena hizo 151 zilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Marekani, injini ikiwa imeondolewa vifaa inavyovizungusha, kama alternata, kwa hiyo zinazofika kwenye tairi ni pungufu. Kinachoiokoa Datsun ni wepesi: ina uzito wa tani moja na kidogo, ilhali Camry inakaribia tani moja na nusu, na ndiyo maana zote mbili hufika kilomita 100 kwa saa katika takribani sekunde nane.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini zote mbili. Hata hivyo, kompyuta ya Camry hurekebisha mafuta yenyewe, wakati kabureta mbili za Datsun zilizosetiwa Moshi, ambako ni chini zaidi, zitakuwa zinazidisha petroli ukifika huku.

Linalonitisha zaidi ni kusimama. Datsun ina diski mbele na ngoma nyuma, haina ABS (mfumo unaozuia tairi kukwama unapofunga breki) wala eabegi. Mbuzi akikatiza ghafla pale Usa River, wewe na mguu wako tu.

Mzee wa Safari:
Yote ni sawa, ila msilidharau. 240Z ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ingawa magari yale yaliandaliwa mahsusi, na mafundi walikuwa wakiyangoja njiani. Akija mtu na fedha taslimu huku akiliita skrepa, ujue anajua anachonunua, kwa hiyo usiuze kwa haraka. Nashangaa hakuna aliyetaja jambo la kwanza: lina viti viwili. Watoto utawaweka kwenye buti? Kabla ya kuamua, inua zulia ukague sakafu, kisha kagua chini ya betri, kwani huko ndiko kutu huanzia.

Mkazi wa Rau:
Nimeinua, na bisibisi imepenya sakafu upande wa dereva. Nitanunua Camry, na Datsun nitaipandisha juu ya matofali bandani. Je, petroli iliyomo niiache?

Fundi wa Kijenge:
Imwage yote, pamoja na iliyobaki ndani ya kabureta, kwa sababu petroli ikikaa huacha gundi inayoziba jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli.