Naomba ushauri: kutenganisha kazi na mambo binafsi katika kompyuta moja

Ndugu zangu, ninafanyia kazi nyumbani kwa kompyuta yangu mwenyewe ya Windows, ambayo ndiyo hiyo hiyo yenye picha za familia na michezo ya mwanangu. Wiki iliyopita, nikimwonyesha mteja skrini yangu katika kikao cha video ili tupitie jedwali la hesabu, ulijitokeza pembeni ujumbe wa daktari kuhusu vipimo vya mke wangu. Mteja alinyamaza kwa heshima, lakini jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu siri ile haikuwa yangu.

Tangu siku hiyo nimefungua akaunti mbili za kawaida, moja ya kazi na nyingine ya nyumbani, huku ile ya msimamizi nikiiacha kwa ajili ya kuweka programu tu. Kila akaunti ina nywila yake, na arifa za nyumbani hazionekani tena upande wa kazi.

Je, hilo linatosha, au ni afadhali nigawe diski na kuweka mifumo miwili ya uendeshaji, ingawa italazimu kuwasha upya kompyuta kila ninapohama? Kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya hii hii, niliifikiria pia, ila RAM yangu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni GB 8 tu, nami nahofia itazidiwa wakati wa vikao. Kununua kompyuta ya pili kwa sasa siwezi. Aliyeishi na mpango wa namna hii kwa muda mrefu, naomba anieleze hasa jinsi anavyohifadhi nakala za mafaili ya wateja bila kuyachanganya na yake.