Naomba ushauri: nimenunua toroli mbili, vijana bado wanabeba gunia kichwani

Mzee wa Ghala
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Kibaigwa, nina ghala dogo si mbali na soko la mazao. Nanunua mahindi na alizeti, nahifadhi, nauza bei ikipanda. Msimu ukichanganya, kuanzia mwezi wa sita hivi, nakuwa na vijana wanane wa kushusha na kupakia. Nawalipa shilingi 400 kwa gunia, jioni wanagawana wenyewe.

Tatizo ni migongo. Msimu uliopita kijana wa miaka 26 alishusha gunia, akajikunja palepale, tukambeba yeye kama mzigo. Hajarudi kwenye kazi hii, sasa anauza vocha stendi. Wengine wawili asubuhi wanatembea kama babu zao mpaka mwili upate moto. Mmoja anameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kama anayetafuna karanga.

Nikaona nifanye jambo. Nilifuata Dodoma mjini toroli mbili za magurudumu mawili, zile za kusimamishia gunia, na mikanda minane ya kiuno. Wiki ya kwanza walizitumia kwa sababu nilikuwa nimesimama pale. Wiki ya pili toroli moja imekuwa kiti cha kunywea chai, na mikanda inaning'inia msumarini. Nikiuliza wananijibu "sawa bosi", nikigeuka tu gunia limerudi kichwani. Hela imeshatoka, wakuu. Nimekosea wapi? Wa kuniambia nifukuze watu apite tu.

Chumvi Nyingi
Uza toroli, wanunulie unga wa uwele na mlenda. Mgongo utajinyoosha wenyewe 😂 Natania mkuu, pole kwa huyo kijana.

Mnyoosha Viungo
Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dodoma, wabeba mizigo nawaona kila wiki. Nianze na mikanda: iache hapohapo msumarini. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilishasema tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mkanda unamkinga mtu mzima asiumie mgongo. Ubaya wake ni kwamba akishauvaa anajiona ana kinga, anabeba zaidi.

Usiweke matumaini yote kwenye kuwafundisha "piga goti, nyoosha mgongo" pia. Ni vizuri wajue, ila mafunzo peke yake hayajaonyesha kupunguza maumivu ya mgongo kwa wabebaji. Kinachomuumiza mtu ni uzito ulio mbali na mwili, unaoanzia sakafuni, anaouinua huku kiuno kimejipinda. Hayo matatu yakikutana, hata gunia la kilo 50 linatosha kumlaza. Kwa hiyo naomba uniambie: gunia lako lina kilo ngapi, linainuliwa kutoka usawa gani, na linatuliwa usawa gani?

Na huyo wa diklofenaki ya kila siku mpeleke akapimwe. Vidonda vya tumbo na ugonjwa wa figo haviko mbali naye. Kwa wote: ukisikia ganzi sehemu za siri, miguu ikiishiwa nguvu au mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, hiyo si ya kukandwa na maji ya moto. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Mzee wa Ghala
Asante sana daktari. Mahindi ni kilo 100. Kusema ukweli, zipo lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, zinazotoka vijijini, tukipima zinagonga 120 na zaidi. Alizeti ni kama 65. Yanalala chini kwenye sakafu, yanaishia juu ya lori la Fuso au kwenye rundo la mistari saba.

Mkaguzi Mstaafu
Hapo kwenye lumbesa umejishtaki mwenyewe, mkuu. Kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100. Ila ujue hiyo 100 iliwekwa ili mkulima asipunjwe, shingo ya kuli haikuwa kwenye hesabu. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba pale mwanaume mmoja anapobebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kushusha uzito huo. Sasa piga hesabu ya hilo gunia lako.

Tena kasajili ghala OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na vijana wako WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Yule wa vocha nani anamlipa?

Mnyoosha Viungo
Na hao NIOSH kikokotoo chao cha kuinua mizigo kinaanzia na kikomo cha kilo 23, tena hapo kila kitu kiko sawa: mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno, hakuna kujipinda. Ukiuchukua chini au ukiupeleka juu ya bega, namba inazidi kushuka.

Kuli wa Zamani
Mleta mada, mimi nimebeba miaka kumi na moja, nimeachishwa na goti. Nakwambia kwa nini toroli yako imekuwa kiti.

Kichwani, kutoka mlangoni mpaka kwenye Fuso ni chini ya dakika. Kwa toroli napeleka gunia mpaka kwenye ubao wa kupandia, toroli haipandi, nalishusha chini, natafuta tena watu wa kunibebesha. Umeniongezea kuinua mara moja, mkuu! Halafu unanilipa kwa gunia. Nani atakubali kuchelewa kwa hela yake mwenyewe?

Matairi nayo. Yale ya mpira mgumu, madogo, kwenye vumbi la Kibaigwa yanazama kama kisigino cha bi harusi shambani. Mpelekee fundi wa kuchomelea akuwekee matairi ya upepo, makubwa.

Lingine hawatakwambia usoni. Watu wanane wakiona toroli mbili wanajua kesho watabaki watatu. Umewaambia hutampunguza mtu? Hukuwaambia.

Na tukiongea migongo, kila mtu anamtazama mwenye gunia kichwani. Wanaoumia kweli ni wale wawili wanaombebesha, wanaoinama kulitoa chini mara mia kwa siku. Mbebaji anaumia shingo na magoti, wabebeshaji ndio wanavunjika kiuno. Gunia lisiguse sakafu: weka paleti au kichanja cha miti usawa wa kiuno, hata mahindi yako hayatapata unyevu. Mkivunja rundo acheni mistari miwili ya chini iwe meza, hiyo mtaimalizia mwisho kwa toroli.

Zabibu Hombolo
Kwetu kwenye zabibu tulikuwa tunainama kreti ikiwa chini siku nzima. Tukaanza kuiweka juu ya stuli, hiyo tu. Kazi ya shilingi elfu chache, jioni unarudi nyumbani unasonga ugali bila kushika ukuta.

Fundi Mtaro
Badala ya kupandisha gunia mpaka Fuso, ishushe Fuso. Chimba njia ya mteremko mbele ya mlango, gari lirudi nyuma mpaka bodi ilingane na sakafu ya ghala. Toroli inaingia moja kwa moja, ubao wa kupandia unautupa. Pembeni jengea mawe, na weka mfereji, la sivyo masika utafuga kambare.

Mzee wa Ghala
MREJESHO, wiki ya sita.

Kuli wa Zamani, ulichoandika nimekisoma mara tatu. Nilikaa na vijana, nikanunua chai na chapati, nikawaambia hatoki mtu. Wakacheka, kumbe kweli walikuwa wameshapanga nani ataondoka wa kwanza.

Malipo sasa ni shilingi 4,000 kwa tani. Kwa gunia la kilo 100 ni hela ileile, ila sasa hata tukigawanya kwenye mifuko ya 50 hakuna anayepunjwa. Lumbesa inaishia kwenye mizani, inapunguzwa kabla haijagusa kichwa cha mtu. Hapo nimegombana na wachuuzi wawili, mmoja kahama. Gharama ya mifuko na uzi nimeibeba mimi, inauma kidogo.

Njia ya Fuso tumechimba siku nne. Bodi bado imezidi sakafu kama shubiri mbili, tumeziba kwa bati nene la kuteremkia. Matairi ya toroli yamebadilishwa. Zote mbili zinafanya kazi hata nikiwa Dodoma, nimethibitisha kwa kupiga simu kwa mama wa uji. Wa diklofenaki alipimwa, amewekwa kwenye kazi ya kupima mizani kwa miezi miwili, habebi, na mgao anapata. Mmoja bado anabeba kichwani wasichana wakipita, huyo nimemwachia Mungu.

Kilichogoma ni rundo. Kuanzia mstari wa tano kwenda juu bado ni kichwa na bega, na ghala langu ni dogo, siwezi kupanga chini chini. Nasikia kuna mikanda ya mota ya kupandishia magunia. Kuna anayemjua fundi wa kuiunda, Dodoma au hata Morogoro? Umeme wangu ni wa njia moja, sijui kama utaisukuma.