Mtoto asiye na makaratasi: asaidiwe ada ya chuo au alipe kama mgeni?

Mama Wawili, Houston
Habari za jioni ndugu zangu. Binti wa jirani yangu, mtoto wa Kenya, kamaliza sekondari hapa Texas na alama nzuri sana. Aliletwa 2013 akiwa na miaka sita, visa ya mama yake ikaisha wakabaki. Wenzake waliomtangulia walilipa ada nafuu ya mkaazi wa jimbo na kuomba msaada wa jimbo kwa ile fomu ya TASFA. Tarehe 4 Juni 2025 serikali kuu ikalishtaki jimbo kwa sheria iliyoruhusu hayo, jimbo likakubali siku hiyohiyo, jaji akaifuta. Sasa chuo kikuu kinamtaka alipe zaidi ya mara tatu. Mimi naona huu ni uonevu. Nyie mnaonaje?

Mzaramo wa Dallas
Pole kwa binti, dada. Lakini mimi nilikuja na visa ya mwanafunzi. Mzee aliuza ekari mbili Kisarawe nilipe muhula wa kwanza. Kazi nilizoruhusiwa ni saa 20 kwa wiki, tena humohumo chuoni. Ada nililipa ya mgeni mpaka nahitimu. Leo aliyevunja sheria alipe nusu ya nilicholipa? Foleni ni foleni.

Kijana wa Arlington
Kaka, aliyevunja sheria ni nani hapo? Mtoto wa miaka sita alishikwa mkono akapandishwa ndege. Mimi ni mmoja wao. Niligundua darasa la kumi na mbili, tuko maabara ya kompyuta tunajaza fomu ya msaada wa serikali kuu. Mwalimu anasema andikeni namba zenu za Social Security, zile tarakimu tisa za utambulisho wa serikali kuu. Nikapiga simu kwa mama, kimya. Nikarudia. Akasema, "Njoo nyumbani kwanza, mwanangu." Mashine zote zinalia kwa vidole, yangu imetulia. Usiniite mvunja sheria.

Bin Rajabu
Hiyo sheria ya ada si aliileta Bush alipokuwa gavana? 1998 hivi.

Mama Wawili, Houston
Hapana, ni 2001, alitia saini Rick Perry, gavana aliyemfuata Bush. Na haikuwa ya bure kama watu wanavyodhani: ulitakiwa uwe umeishi jimboni miaka mitatu kabla ya kumaliza sekondari, na uape kwa maandishi kwamba utaomba ukaazi mara tu utakaporuhusiwa.

Bin Rajabu
Basi aombe DACA, ile ruhusa ya muda ya kukaa na kufanya kazi kwa walioletwa utotoni.

Kijana wa Arlington
DACA inataka uwe uliingia kabla ya katikati ya 2007, na maombi mapya hayashughulikiwi. Huyu binti 2007 alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Mzaramo wa Dallas
Sijamtukana mtu, kijana. Nasema serikali isilipe. Watu binafsi wakitaka kumfadhili, sina neno.

Baba Neema
Watu binafsi si ndio sisi? Mwezi uliopita tumechanga dola elfu ishirini kwa siku nne kusafirisha maiti. Mtoto aliye hai akiomba ada tunaulizana makaratasi. Hii tabia yetu ya kuthamini jeneza kuliko daftari inaniuma.

Mjane wa Irving
Baba Neema, maiti unayoisema ni mume wangu. Kama mchango wako ulikuuma ungebaki nao.

Baba Neema
Shemeji, nisamehe, sikukutaja. Nazungumzia desturi.

Mjane wa Irving
Desturi hiyohiyo ndiyo iliyonifikisha kwa mama mkwe na mwili wa mwanawe. Wazee walikuwa wamekaa uwanja wa ndege tangu saa nane usiku. Ulitaka nimzike huku, kaburi asilijue hata mmoja wao?

Mzaramo wa Dallas
Hapo nipo na shemeji. Msiba usiguswe.

Bin Rajabu
Lakini Baba Neema ana hoja. Sisi Waislamu tunazika hapahapa, siku ya pili imekwisha. Fedha inabaki kwa yatima.

Mama Wawili, Houston
Jamani, tumetoka kwa binti tumefika makaburini.

Kijana wa Arlington
Mama, ni palepale. Bibi yangu alifariki Machakos mama yangu akiwa hapa. Hakwenda. Aliyekaa zaidi ya mwaka bila ruhusa akitoka nchi hii anafungiwa miaka kumi, na sisi watoto tungebaki na nani? Mazishi aliyatazama kwenye simu ya binamu, amekaa ukingoni mwa kitanda na sare ya kazi, zamu inaanza saa kumi na mbili. Intaneti ilikatika udongo haujawekwa. Wiki ile ile alitoa dola mia tatu za msiba wa shemeji, nilimwona akizihesabu. Mzaramo, huyo ndiye unayemwambia apange foleni. Nionyeshe dirisha lake liko wapi, kesho nampeleka.