Tumekuja kwenye kikao cha baraza au kwenye ibada? Nimechoka sasa

Wakuu, niseme mapema tusipotezeane muda: humu sitataja dini yangu, wala kama ninayo. Najua litakuwa swali la kwanza, na swali hilo hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu nikiwa bado nina hasira.

Mwananchi anakwenda kwenye kikao cha baraza la madiwani kwa shida zake. Mtaro umeziba, kiwanja kina mgogoro, kibali cha ujenzi kimelala kwenye meza ya mtu. Anakaa viti vya wasikilizaji, anafungua karatasi ya ajenda, na pale juu kabisa, kabla hata akidi haijathibitishwa, anakuta "Sala ya kufungua kikao". Mwenyekiti anasema tusimame. Hasemi anayependa asimame, anasema tusimame! Na sala yenyewe ni ya dini yake yeye, kwa maneno na ishara za dini yake, huku wengine tukitazamana kama wageni kwenye harusi ya watu.

Mimi sikusimama. Sikupiga kelele wala sikubamiza mlango, niliinamia makaratasi yangu tu. Ilipofika zamu yangu ya kuuliza, mwenyekiti akatabasamu: "Haya, tumsikilize na huyu ambaye baraka hazimhusu." Ukumbi ukacheka. Swali langu lilihusu mtaro ambao kwenye ripoti umekamilika na kwa macho bado ni shimo. Nikajibiwa nusu sentensi, tukahamia ajenda nyingine.

Labda angenijibu ovyo hata kama ningesali kwa machozi. Inawezekana kabisa, maana wale waliosimama nao hawakujibiwa vizuri sana. Lakini sitajua kamwe, na hapo ndipo penye ubaya. Mtu aliyekuja kudai huduma ya umma hapaswi kurudi nyumbani akijiuliza kama amenyimwa kwa hoja yake au kwa magoti yake.

Najua mtaniambia mbona hata Marekani wanasali. Ni kweli, na kesi yenyewe naijua, basi tuisome yote. Mji wa Greece, jimbo la New York, ulianza mwaka 1999 kufungua vikao vyake vya kila mwezi kwa sala, na kwa miaka waliokaribishwa kusali walikuwa viongozi wa Kikristo. Wanawake wawili wa mji huo, mmoja Myahudi na mwingine asiyeamini Mungu, wakashtaki. Mwezi Mei 2014 Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba sala hizo haziivunji katiba. Watu wa "acheni tusali" huishia hapo na kupiga makofi.

Sasa tuendelee. Jaji Kennedy, aliyeandika uamuzi wa wale watano, alisema sala ile iliwalenga hasa wajumbe wenyewe wanaokwenda kufanya kazi, si umma. Akaongeza kwamba mambo yangekuwa tofauti kama wajumbe wa baraza wangewaelekeza wananchi washiriki, wangewanyooshea kidole wasioshiriki, au wangeonyesha kwamba uamuzi wao unaweza kutegemea nani kasali na nani hakusali. Someni tena sentensi hiyo, halafu mumfikirie mwenyekiti wangu. Kaamuru tusimame. Kaninyooshea kidole mbele ya watu. La tatu silijui, ila kwa utani ule kalifanya liwe swali halali. Yaani hata ile hukumu mnayoitumia kama ngao haimfuniki.

Upande wa wale majaji wanne waliopinga, Jaji Kagan alieleza jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kwenda na shida kwenye ofisi ya serikali atalielewa bila mwanasheria. Bungeni wabunge wanasali wao kwa wao, mwananchi yuko juu kwenye roshani anatazama. Kwenye kikao cha mji mwananchi yuko mita chache kutoka kwa watu watakaoamua ombi lake, nao wanamwona. Alitoa mfano wa Mwislamu aliyekuja kuomba kibali, sala ya Kikristo inaanza kwa niaba ya wote, na papo hapo inambidi achague kuigiza au kujitangaza kuwa si mwenzao, dakika chache kabla ya kuomba anachokitaka. Hao ndio watu ninaowasemea. Dini yoyote iweke pale kwenye mfano, maumivu ni yale yale.

"Si utoke nje, ukirudi kikao kimeanza." Hii nayo imeshajaribiwa. Mji wa Saguenay, jimbo la Quebec huko Kanada, ulikuwa na meya aliyefungua vikao kwa sala na ishara ya msalaba. Mkazi mmoja asiyeamini akalalamika. Mwaka 2008 mji ukatunga sheria ndogo: sala iwe na maneno mapya, na kati ya sala na kuanza kwa kikao ziachwe dakika 2, asiyetaka aingie baadaye. Inasikika kama busara, sivyo? Mwezi Aprili 2015 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaikataa. Ukimlazimisha mtu asubiri mlangoni mpaka wenzake wamalize, umemtenga na umemtangaza kwa wakati mmoja. Mji ukaamriwa uache sala na kumlipa mlalamikaji dola 30,000 za Kanada. Fedha za walipa kodi, tafadhali, kwa sababu tu meya hakutaka kusali sebuleni kwake.

Katika hukumu hiyo hiyo kuna jibu la wale watakaosema nataka kumfukuza Mungu na kuleta upagani. Majaji walitofautisha: serikali isiposali haijasema kwamba Mungu hayupo, imenyamaza tu. Ingekuwa upendeleo kama mwenyekiti angefungua kikao kwa kutangaza kwamba hakuna Mungu, na siku hiyo nitakuwa wa kwanza kufungua uzi mwingine hapa. Tena mji ulijitetea kwamba utangulizi wa katiba ya Kanada unataja ukuu wa Mungu. Haikusaidia. Kwa hiyo msiniletee wimbo wa taifa wala utangulizi wa Katiba ya Kenya unaomtaja Mwenyezi Mungu, kwa sababu Katiba hiyo hiyo, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa, na ibara ya 32 inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Tanzania nako, ibara ya 19 inayaweka masuala ya ibada kwenye hiari ya mtu binafsi na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hiari, ndugu zangu. "Tusimame" ni hiari ya nani?

Kuna wenye nia njema wanaoleta suluhisho la zamu: leo padri, kesho shehe, keshokutwa mchungaji. Hawa siwagombezi sana, ila wafikirie linakoishia. Nani ataandika orodha? Karani wa halmashauri? Kwa kigezo gani, wingi wa waumini au ukubwa wa jengo? Yule wa dini ya jadi atapewa zamu, au atacheka mtu? Mhindu? Msabato atakubali awekwe kapu moja na wachungaji wengine? Na asiye na dini atapewa nafasi ya kusema nini? Kule Greece, baada ya malalamiko, mwaka 2008 waliletwa Myahudi mmoja na mwenyekiti wa Wabahai (waumini wa dini ya Bahai), na kuhani wa kike wa Wicca, dini ya kipagani ya kisasa, akaomba mwenyewe akaruhusiwa. Fikirieni ukumbi wetu siku kuhani wa namna hiyo anaposhika maikrofoni. Wale wale wanaonifundisha uvumilivu ndio watakaokimbilia mlangoni. Baraza likishaanza kupanga zamu, limeshakuwa mamlaka ya kuidhinisha dini, kazi ambayo hakuna diwani aliyechaguliwa kuifanya.

Hoja ya "ni desturi ya wazee" naimaliza haraka. Bideford, mji mdogo wa Devon, Uingereza, nao ulijitetea kwa desturi ya karne nyingi. Februari 2012 Mahakama Kuu ikasema sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 haikuwapa madiwani mamlaka ya kuweka sala ndani ya kikao rasmi. Niwe mkweli, jaji hakukubali kwamba diwani aliyelalamika alibaguliwa, na mwaka 2015 bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu sala hizo. Ila msingi wa ile hukumu naupenda: alitazama kama kusali ni kazi ya kikao, akakuta si kazi yake. Wanaotaka kusali pamoja kabla kikao hakijafunguliwa, jaji hakuwazuia.

Nami siwazuii. Chumba kipo, saa ipo. Waje mapema, wafunge mlango, wasali kwa Kilatini, kwa Kiarabu au kwa kunena kwa lugha, wakimaliza waje ukumbini na ajenda ianzie kwenye akidi. Kinachoniudhi ni kwamba wakiambiwa hivyo wanakasirika, na hapo naanza kujiuliza sala ile ilikuwa ya Mungu au ya kutazamwa na wapiga kura. Mwenyekiti anayefumba macho kwa unyenyekevu mkubwa kwenye ajenda ya kwanza ndiye huyo huyo anayekataa kugawa viambatisho vya hesabu kwenye ajenda ya matumizi. Tukifika kwenye yatokanayo, muda umekwisha, wananchi waulize "kwa ufupi". Sala haikufupishwa.

Nimeandika barua kwa mkurugenzi nikiomba mambo mawili: sala iondolewe kwenye karatasi ya ajenda, na maneno niliyoambiwa yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao kama yalivyosemwa. La pili nimelisisitiza kuliko la kwanza. Nakala ya barua imegongwa muhuri wa mapokezi, ninayo.

Humu najua kuna madiwani na maofisa wa halmashauri, hata kama mnatumia majina bandia. Nitajieni kifungu cha kanuni za kudumu kinachompa mwenyekiti mamlaka ya kumwamuru msikilizaji asimame kwa ajili ya sala. Namba ya kifungu tu. Anayetaka kunihubiria afungue uzi wake.