Ukoo wa Adelaide: safari ya Barossa, Jumamosi 9 Mei

JUMATATU

[18:02] Mama Neema: Wapendwa, habari za jioni. Babu, shikamoo. Safari ya Barossa, bonde la mizabibu, ni Jumamosi tarehe 9. Kwa hesabu yangu tuko 15. Keshoyake ni Siku ya Mama, bonde zima litajaa watu, kwa hiyo nafasi zishikwe wiki hii. Kila mtu aandike NAKUJA au SIJI.

[18:40] Mama Neema: Mmesoma watu kumi na moja. Naona tiki za bluu.

[18:41] Baraka: Nakuja. Na tumbo tupu.

[19:15] Mama Neema: Nataka tukodi basi moja la viti 20 tukae pamoja. Baraka ataendesha.

[19:22] Nesi Agnes: Wifi, hilo haliwezekani. Leseni ya gari dogo mwisho wake ni viti 12, na dereva anahesabiwa humo humo. Zaidi ya hapo ni leseni ya daraja jingine. Halafu Baraka bado yuko kwenye P, leseni ya muda ya dereva mpya. Kampuni nyingi za kukodisha hazimpi basi dogo mtu wa P, na ukimpa kinyemela, likigongwa bima hailipi hata senti.

[19:24] Baraka: Basi nitaendesha mazungumzo.

[19:31] Mama Neema: Sawa. Hiace ya viti 12 na gari moja dogo la watu watatu. Nani anaendesha Hiace?

[19:58] Mama Neema: Jamani.

[20:10] Mama Neema: Shemeji Frank, wewe unaishi huko huko Nuriootpa na kazi yako ni mizabibu. Tupe ratiba watu waamke.

[21:47] Frank: Shikamoo Babu. Shemeji, nimetoka kazini sasa hivi.

Anzeni na soko la wakulima, liko nje kidogo ya Angaston. Ni Jumamosi tu, saa moja na nusu hadi saa tano na nusu asubuhi. Ukifika saa nne mkate mzuri na mayai ya bata vimeshachukuliwa. Kwa hiyo mtoke Salisbury saa moja kamili, kukiwa na mwanga. Kabla ya hapo kangaruu wako barabarani, hasa mkishaupita mji wa Gawler. Jioni pia, jua Mei linazama kama saa kumi na moja na dakika ishirini. Muwe mmeshaanza safari ya kurudi.

Sokoni msishibe. Nunueni jibini, matango ya siki yenye bizari, tufaha na mkate. Kisha Tanunda, Apex Bakery. Wanaoka kwenye tanuri la kuni tangu 1924. Chukueni streuselkuchen, keki ya hamira ya Wajerumani iliyofunikwa chenga za siagi, unga na sukari. Haitakiwi kuwa laini kama keki ya harusi. Chini ni mkate, juu inavunjika. Ikilala hadi kesho chenga zinanyonya unyevu, utamu wake unapotea, kwa hiyo iliwe siku hiyo hiyo.

Chakula cha mchana mle Mengler Hill, mnaliona bonde lote chini yenu, halafu ndipo muonje mvinyo. Msionje kabla ya kula.

[21:49] Baraka: Wajerumani wamefikaje huko?

[21:55] Frank: Walutheri kutoka Prussia, wengi wao Silesia. Kijiji chao cha Bethany kilianzishwa 1842. Ndiyo maana bucha za Nuriootpa na Angaston zimejaa soseji za moshi.

[21:56] Baraka: Naomba tuhamie Nuriootpa.

[22:03] Mama Neema: Baraka, hujaambiwa uhame. Nani anaendesha?

JUMANNE

[06:12] Babu Mathayo: Marahaba wote. Frank, Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huko mara ngapi?

[06:30] Frank: Mara moja Babu, Februari hadi Aprili. Baridi ya Juni hadi Agosti inaulaza, majani yote yanadondoka, ndipo tunapogoa. Mkija Mei zabibu zimeshakwisha, ila majani ni ya njano na mekundu. Na kuna shina hapa Tanunda, shamba la Langmeil, lilipandwa 1843. Bado linazaa.

[06:41] Babu Mathayo: Kwa mizizi yake?

[06:50] Frank: Kwa mizizi yake mwenyewe, hakuna kupandikiza. Ulaya filoksera, mdudu anayefyonza mizizi, alifyeka mashamba kuanzia miaka ya 1860, ikabidi wapandikize kwenye mashina ya Marekani. Jimbo la Victoria alionekana karibu na Geelong mwaka 1877. Australia Kusini hajawahi kuingia. Wakulima wa hapa wanapanga mashamba kwa umri: miaka 35 ni mzabibu mzee, 70, 100, na wa juu kabisa ni 125.

Juma, hili ni lako.

[12:20] Juma (Melbourne): Naam? Nakuja NAKUJA.

[12:34] Frank: Viatu ulivyokwenda navyo kwenye mizabibu ya Yarra Valley, huko Victoria, usije navyo. Huko filoksera yupo, na anasafiri kwenye tope la soli. Kama huna vingine, fanya hivi: piga brashi tope lote litoke, maana jiki haifanyi kazi juu ya uchafu. Changanya jiki na maji ipate asilimia 2 ya sodiamu hipokloraiti. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 4, ni nusu kwa nusu. Zamisha soli sekunde 60. Mchanganyiko uwe wa siku hiyo hiyo, ukilala unapoteza nguvu. Na bado usiingie kati ya mistari ya mizabibu kupiga picha. Piga ukiwa barabarani.

[12:36] Frank: Matunda ya njiani pia usilete. Nzi wa matunda. Ukikutwa nayo mpakani ni faini.

[12:40] Baraka: Juma atafika bila viatu na bila ndizi.

[12:41] Juma (Melbourne): 😂😂😂

[12:41] Neema: 😂😂

[12:43] Mama Neema: Watoto, acheni. Hilo la viatu si la kucheka, ni riziki za watu. Juma, umeelewa?

[17:30] Shangazi Mwajuma: Assalamu alaykum. Nimesoma yote. Nitaendesha Hiace mimi, leseni yangu ni kamili na pombe situmii. Ila kwenye vyumba vya kuonjea mvinyo siingii, nitakaa nje na Zawadi. Na chakula changu kwenye deli langu peke yake. Frank, hizo soseji ni za nini?

[17:52] Frank: Waalaykum salaam Shangazi. Mettwurst nyingi ni nguruwe, au nguruwe na ng'ombe pamoja. Lachsschinken, nyama ya kukaushwa kwa moshi, ni nguruwe. Hata ukiambiwa hii ni ya ng'ombe tupu, kisu na mashine ya kukatia ni moja. Ziache zote. Keki uliza kama mafuta ni siagi. Jibini uliza kimeng'enya cha kugandishia kimetoka kwa mnyama au la. Cha kuchukua bila wasiwasi wa ulevi ni verjuice: maji ya zabibu mbichi yaliyokamuliwa kabla hazijaiva, hayajachachushwa. Mpishi Maggie Beer ndiye aliyeanza kuyatengeneza ya kuuza hapa, mwaka 1984. Ni uchachu mpole kuliko ndimu. Kuku akishakaangika, toa mafuta, mwagia robo kikombe, kwangua sufuria, acha ipungue nusu. Ukimwaga mapema nyama inachemka badala ya kukaangika.

[17:55] Shangazi Mwajuma: Allah akubariki. Chupa mbili.

[18:05] Nesi Agnes: Zawadi, wewe mettwurst usiguse, wala jibini laini, wala pate (ini la kusagwa). Mettwurst haijapikwa, imechachushwa na kukaushwa tu. Bakteria wa listeria anakaa hata ndani ya friji, na kwa mimba ni hatari. Jibini gumu sawa. Watoto wadogo pia wasipewe mettwurst. Mwaka 1995 mtoto alikufa hapa Adelaide kwa bakteria wa E. coli waliokuwa kwenye mettwurst, ndiyo sheria zikakazwa.

[18:31] Zawadi: Asante wifi. Basi nitakula nini jamani 😩

[18:40] Frank: Rote Grütze, kitindamlo cha Wajerumani. Maji ya zabibu nyekundu lita 1, sago gramu 100 hivi, sukari kwa ulimi wako. Loweka sago ndani ya maji hayo nusu saa, kisha moto mdogo dakika 20, unakoroga bila kuacha hadi punje ziwe angavu. Ukiacha kukoroga inashika chini, na ladha ya kuungua haitoki tena. Ipoe, weka krimu iliyopitishwa kwenye joto kiwandani.

[18:42] Neema: Sago ni nini?

[18:44] Frank: Nyingi inayouzwa madukani hapa ni wanga wa muhogo.

[18:44] Baraka: MUHOGO. Tumevuka bahari kuja kula muhogo wa Mjerumani.

[18:45] Juma (Melbourne): 😂😂😂😂

[18:46] Neema: Mama pika hii

[19:20] Mama Neema: Turudi kwenye jambo. Hiace imepata dereva, Mwenyezi Mungu akuzidishie Shangazi. Sasa gari la pili. Peter, wanao wawili na wewe ndiyo watatu wangu.

[19:45] Mama Neema: Peter.

JUMATANO

[07:05] Frank: Shemeji, kuonja ni mahali pawili tu, si panne. Watu zaidi ya wanane bila nafasi mara nyingi wanarudishwa mlangoni. Ada ya kuonja ipo, kwingi wanaitoa kwenye bei ukinunua chupa. Kiwanda cha mvinyo cha Seppeltsfield shikeni kwanza. Ilianza 1851, na njia ya kuingilia ina mitende maelfu iliyopandwa wakati wa mdororo wa miaka ya 1930 ili wafanyakazi wasiachishwe. Babu atapenda. Tangu 1878 wanaweka pipa la tawny, mvinyo mtamu wa kuzeeshwa, kila mwaka na linakaa miaka 100 kabla ya kuuzwa. Kwa ada ya pembeni wanakuonjesha la mwaka wako wa kuzaliwa, moja kwa moja toka pipani.

[07:09] Babu Mathayo: 1946?

[07:10] Frank: Lipo Babu. Litauzwa 2046.

[07:31] Frank: Mpangilio wa kuonja: Riesling ya Eden Valley, mvinyo mweupe, kwanza, kisha nyekundu, Grenache halafu Shiraz, tawny mwisho. Mkianza na tawny, sukari yake itafanya Shiraz iwe chungu mdomoni. Manukato msijipake, yanaharibu pua za wote chumbani. Ndoo ya kutemea iko mezani, kutema ni adabu.

[07:33] Baraka: Nimelipia halafu niteme??

[07:40] Nesi Agnes: Uteme, tena wewe hata tone usimeze ukishika usukani, P ni sifuri. Wengine hesabuni. Kila kionjo ni kama mililita 30. Sita ni 180. Shiraz ya asilimia 14.5, hizo ni gramu 20 za pombe, vipimo viwili tayari, na hapo ni mahali pamoja. Kikomo cha pombe kwenye damu ya dereva ni 0.05. Anayesema "mimi najijua" ndiye anayekamatwa.

[08:15] Mama Neema: Gari la pili ni la lazima. Hiace ikijaa watu 12, nyuma panabaki padogo, na boksi la chupa 12 ni kilo 15 au zaidi. Deli mbili zitakaa wapi? Halafu viti vya watoto vina mkanda wa juu unaofungwa kwenye nanga, si kila siti ya Hiace inayo. Watoto waende na gari la Peter.

[12:58] Yohana: Nimeona sasa. Nakuja. Lakini mchango nitoe kwa nani? Isiwe tena kama safari ile ya Victor Harbor.

[13:02] Mama Neema: Yohana, si hapa.

[13:20] Peter: Kwa nini si hapa? Aseme. Deli la bluu liko wapi?

[13:22] Yohana: Muulize aliyeondoka saa tisa.

[13:23] Peter: Niliondoka na watoto wanalia. Na dola 140 zangu je?

[13:24] Baraka: Jamani, mettwurst ni kilo bei gani? 😅

[13:25] Neema: Baraka 🙏🏾

[13:31] Mama Neema: Seppeltsfield wananishikia nafasi 15 hadi saa kumi leo. Naomba sana.

[15:10] Babu Mathayo: Nimesoma. Anayeshika usukani anywe maji, awe nani awe. Hilo halina mjadala. La pili: Peter na Yohana, mimi sipandi gari lolote hadi mmepigiana simu. Si meseji. Simu. 1946 imengoja miaka mingi, itangoja na mimi.

[15:11] Shangazi Mwajuma: Sawa Baba.

[15:14] Zawadi: Sawa Babu.

[15:20] Juma (Melbourne): Sawa Babu, shikamoo.

[15:52] Mama Neema: Nimelipia amana ya watu 13. Wawili nimeomba wanisubirie hadi kesho asubuhi. Sitaji majina.

[19:05] Mama Neema: Mkate, Agnes. Barafu, Neema. Maji ya kunywa lita 20, Zawadi na mumewe. Mchango kwa Shangazi kabla ya Ijumaa usiku.

[22:16] Peter: Shikamoo Babu. Mama Neema, gari nitaleta, na sitakunywa. Wa miaka mitano nina kiti chake cha kunyanyulia. Wa miaka mitatu sheria inataka kiti chenye mikanda yake, na hicho kiko kwa Yohana.

[22:18] Mama Neema: Basi mpigie.

[22:19] Mama Neema: @Yohana

[23:02] Juma (Melbourne): Frank, jiki yangu imeandikwa 4.2, ni nusu kwa nusu vile vile?

[23:04] Frank: Vile vile.